Jina la Mama Lilivyoshuka Mstari

Nitaanza na kosa lenyewe, maana nimechoka kulizungukia. Niliandika programu ya mazishi ya baba yangu mzazi, na majina ya wake zake nikayapanga kwa kile kitufe kirefu kilicho chini ya kibodi, kitufe cha nafasi. Nilikigonga na kukigonga mpaka jina la mama yangu likakaa upande wa kulia, pale nilipotaka. Mtu anayeishi kwa kuchapa hafanyi hivyo. Mimi ninaishi kwa kuchapa, nami nilifanya.

Nina saiba ndogo Ogembo, kompyuta mbili na printa moja isiyojua rangi yoyote ila nyeusi. Huja barua za kuomba kazi, fomu za serikali, mitihani ya shule za jirani, na kuliko vyote huja programu za mazishi. Kwetu Gusii mtu hazikwi bila kijitabu. Ndani yake kuna picha, ratiba ya siku, nyimbo, na historia ya marehemu: alizaliwa wapi, alisoma wapi kama alisoma, alioa nani, akazaa nani. Sehemu hiyo ya mwisho watu huisikiliza kuliko mahubiri. Ni hapo kijiji kizima husikia nani ni wa nyumba gani, na jina lisiloketi mahali pake siku hiyo hutafutiwa mahali baadaye kwa taabu kubwa.

Chuoni, Kisii mjini, mwalimu wetu wa kompyuta alitumia juma zima kutufundisha kupanga mistari. Kushoto, mistari huanza pamoja na kuishia popote inapopenda. Kulia, huishia pamoja, ndiko anwani na tarehe hukaa. Kati, ni kwa ajili ya vichwa vya habari. Pande zote mbili, mashine huvuta nafasi kati ya maneno hadi ukingo unyooke kama ukuta uliopigwa plasta. Halafu akaja kwenye jambo lililomtoa mishipa ya shingo. Alisema nafasi haipimwi kwa macho. Nafasi kumi kwenye herufi za aina hii si nafasi kumi kwenye herufi za aina ile, na kompyuta yako si kompyuta ya jirani. Ukitaka majina mawili yakae mbalimbali kwenye mstari mmoja, chora jedwali, ufiche mistari yake, kila jina likae chumbani kwake. Alikuwa akitembea nyuma ya viti vyetu, na akisikia mtu anagonga kile kitufe mara tatu mfululizo, anamfutia kazi yote. Mimi niliwacheka waliofutiwa. Miaka ya baadaye, nikiwa na saiba yangu, niliwahi kumkaripia mwalimu mkuu mzima, mtu wa tai na fimbo, kwa sababu ratiba yake ya mitihani ilipangwa kwa nafasi na ilikuja kwangu imesambaratika.

Baba alikuwa na wake wawili. Wa kwanza tulimwita Mama Mkubwa. Alifariki nikiwa shule ya msingi, akaacha watoto sita. Mama yangu aliolewa kutoka Nyamira, akatuzaa wawili, mimi na mdogo wangu wa kiume. Baba alikuwa na chai na ndizi kwenye mteremko mmoja karibu na Nyamache, na hakuandika popote nani alime wapi. Kwetu shamba hugawanywa kwanza kwa nyumba, kisha watoto wa kila nyumba wakagawana fungu lao. Mama wawili, nyumba mbili, mafungu mawili. Kwa hiyo, baba alipokufa, mama yangu alihitaji kitu kimoja tu: atambuliwe kuwa yeye ni nyumba. Bila hicho, mdogo wangu alikuwa kijana mmoja katika foleni ndefu ya vijana, na mama alikuwa mpangaji kwenye chai aliyoipanda kwa mikono yake.

Wiki ya msiba walikuja saiba, baba zangu wadogo wawili, kaka yetu mkubwa ambaye ni mzaliwa wa kwanza wa Mama Mkubwa, na mama. Walikuja kunisimamia nikiandika. Nilikuwa nimelia siku tatu na uso ulinivimba, lakini nani mwingine angeandika? Ilionekana aibu kumlipa mtu baki wakati binti wa marehemu ana kompyuta.

Historia ya baba ilipita bila shida. Tulipofika kwa wake zake ndipo moto ulipowaka. Aliye mdogo kati ya baba wadogo hao alitaka mke wa kwanza aandikwe juu na wa pili chini yake, kama ilivyo kawaida. Mama alikataa. Alisema amempikia mtu huyo na kumuuguza hadi pumzi ya mwisho, na hatawekwa chini ya mtu kwenye karatasi yake. Wala hakutaka yale maneno “mke wa pili” yaonekane popote. Kaka mkubwa akauliza, kama ni hivyo, basi mama yake naye asiitwe wa kwanza? Walibishana mpaka wateja wangu wawili wakatoka kimya kimya na fomu zao.

Mwishowe baba mdogo mkubwa, ambaye huongea akiwa wa mwisho, aliamua. Juu, katikati ya ukurasa, yaandikwe maneno “Wake na Watoto.” Chini yake majina ya mama hao yakae kwenye mstari mmoja, Mama Mkubwa kushoto, mama yangu kulia. Watoto wa kila mmoja wafuate chini ya mama yao. Pasiwe na namba, pasiwe na wa kwanza wala wa pili, na herufi zote ziwe kubwa ili asije mtu akasema zake ni ndogo. Wote wakakubali. Nilimpenda sana mzee yule siku hiyo.

Hapo ndipo iliponipasa kusema, “Nipeni dakika tano nichore jedwali.” Sikusema. Watu wanne walikuwa wananipumulia kisogoni, mkataba wao ulikuwa mbichi, na niliogopa nikisita kidogo mmoja atabadilisha nia. Nikaandika jina la Mama Mkubwa, nikagonga kitufe kirefu, nikaandika la mama. Likakaa. Nikashuka kwa watoto, jina la kushoto, nafasi, jina la kulia. Yule baba mdogo mwingine akakumbuka kuwa Mama Mkubwa lazima atanguliwe na neno “Marehemu.” Nikaliongeza, mstari ukajaa hadi ukingoni, nikapunguza nafasi tatu au nne, ukanyooka tena. Kwenye kioo kulikuwa na safu mbili safi, na mtaro mweupe katikati.

Mama hakusoma. Lakini analijua umbo la jina lake, kwa sababu amelitazama kwenye karatasi za kituo cha kuuzia majani ya chai miaka yote hiyo. Aliinama akaligusa kwa kidole pale upande wa kulia. Akaniambia kwa Ekegusii kwamba sasa hata akifa, amelala mahali pake. Kaka mkubwa akachukua flashi yenye faili, akapanda gari kwenda Kisii mjini kuchapisha kwenye duka lenye printa ya rangi.

Mazishi yalikuwa Ijumaa. Sisi ni Wasabato, na Ijumaa jua likianza kuinama hakuna cha kusubiri: mwili uwe umeshuka, wageni wawe wamekula, watu wawe njiani kurudi makwao. Boksi la programu lilifika pamoja na gari la mochari. Nilichukua kijitabu kimoja ili nitazame picha ya baba imetokaje. Ilikuwa imetoka vizuri sana. Nikafungua ndani.

Nikausoma ukurasa wa majina mara mbili. Duka lile halikuwa na aina ya herufi niliyotumia, kwa hiyo kompyuta yao ilikuwa imechagua nyingine iliyo pana zaidi. Mstari wa juu, uliokuwa umejaa tangu neno “Marehemu” liongezwe, haukutosha. Jina la mama lilikuwa limesukumwa, likaanguka mstari wa pili, likakaa kushoto kabisa, chini ya Mama Mkubwa. Nafasi za mistari ya watoto nazo zilikuwa zimetanuka: jina langu lilikuwa limeanguka chini ya jina la kaka mkubwa, na la mdogo wangu chini ya mtoto wa pili wa Mama Mkubwa. Safu mbili zilikuwa zimekuwa moja. Mtu asiyetujua angesoma hivi: Mama Mkubwa alikuwa na watoto tisa, na wa kwanza wao ni mama yangu.

Nilipiga simu dukani. Kijana wa huko alinijibu kwa upole kwamba walichapisha kama ilivyokuja, na kwamba siku nyingine nilete faili ambayo maandishi yake hayawezi kusogea. Alikuwa akinifundisha kazi yangu. Nikamtafuta kaka mkubwa, nikamwonyesha. Alitazama, akakuna kichwa, akasema watu wataelewa tu, wote hapa wanamjua mama yako, na jua halitungojei. Hakuwa na ubaya siku hiyo. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu mimi mwenyewe nililinyamazia muda mrefu.

Nikabeba boksi hadi nyuma ya jiko, nikakaa juu ya gunia la ndizi na kalamu mkononi, nikaanza kuchora mshale kutoka jina la mama kwenda kulia. Kijitabu kimoja, mshale mmoja. Nilikuwa nikiomba kwa sauti. Nadhani nilifika thelathini. Akina mama wa kanisa wakaja kulichukua boksi wagawie wageni, nikawasihi wangoje, wakanipigapiga mgongoni wakidhani ni majonzi, wakalichukua.

Historia ilisomwa na mzee wa kanisa aliyetoka mtaa mwingine, mtu wa sauti nzito ambaye hakuwahi kutukanyagia uani. Alisoma kilichokuwa mbele yake. Alitaja Mama Mkubwa, akasema, “Na watoto wake ni,” akaanza na jina la mama yangu. Wengine wakaguna. Mbele walikuwa wameketi wajomba zangu, waliotoka Nyamira asubuhi na mapema, na walimsikia dada yao akisomwa kama binti wa mke mwenzake, mbele ya jeneza la mume wake. Mzee akaendelea hadi mwisho wa orodha. Alipomaliza hapakuwa na mama mwingine wa kutaja.

Mama hakulia. Alikaa wima kwenye kiti cha plastiki hadi kaburi lilipofukiwa. Wajomba hawakula, wakaondoka. Kisha mama akanivuta nyuma ya nyumba, akaniambia ameona sasa watu hawa ni watu gani. Kwamba wamekaa naye saiba wakikubali kwa mdomo, halafu mtoto wa mke mwenzake akaenda Kisii na flashi akamhamisha. “Wewe uliandika vizuri,” alisema. “Nilikuona kwa macho yangu.”

Nilijiambia nitasema matanga yakiisha. Matanga yakaisha, nikajiambia atulie kwanza. Hakutulia. Alimwita kaka mkubwa mwizi kwenye kituo cha chai, watu wakiwa kwenye foleni na magunia yao. Alimwita mwizi nje ya kanisa. Alikataa hata salamu ya mke wa kaka. Kaka alikuja kwangu Ogembo mara moja, akasimama mlangoni, akaniuliza kama mimi najua kilichotokea. Nikasema kompyuta zina mambo yake. Akaenda zake, na tangu hapo akawa mgumu.

Kufungua kesi ya urithi mahakamani kunahitaji barua ya chifu inayotaja wake na watoto wa marehemu. Chifu alisema familia ilete orodha. Kaka mkubwa akapeleka programu ya mazishi, akasema hii ndiyo orodha, ilisomwa mbele ya umma na hakuna aliyesimama kupinga. Mimi nikachapisha ukurasa mpya, safari hii na jedwali, majina yamenyooka hata yangetumwa mwezini. Kaka alicheka. Aliniuliza nini kinanizuia kuchapisha kwamba yeye ni askofu, maana kompyuta ni yangu. Chifu aliziweka karatasi mbili kando kwa kando na nikaona macho yake yanakoegemea. Iliyokosewa ilikuwa mikononi mwa watu mia tatu, ya rangi, na picha ya baba juu. Iliyo sahihi ilitoka kwa mtu mmoja mwenye sababu ya kudanganya. Akatuambia twende tukaelewane. Hata baba mdogo mkubwa, aliyeamua majina yakae sambamba, hakuweza kutusaidia tena, kiharusi kilikuwa kimemchukua ulimi. Yule mwingine alisema hataki kuingia ugomvi wa wanawake.

Baada ya mvua ndefu vijana wa nyumba ya Mama Mkubwa walianza kupanda miti ya mpaka kwenye chai ya mama. Walipita katikati ya mashina yake, sehemu ya chini karibu na mto, ambako majani hutoka mengi. Mdogo wangu aliing'oa miche, wakairudisha. Aliing'oa tena, wakaja na mapanga, majirani wakaingilia. Mama alikonda. Aliacha kwenda kwenye mazoezi ya kwaya. Nikimtembelea, namkuta ameketi na ile programu mapajani, kidole kikiwa kwenye jina lake, upande wa kushoto. Nilikuwa nafika kwangu siwezi kula. Nilikuwa nafungua faili ile ya zamani, naziwasha zile alama ndogo za nukta ambazo kompyuta huonyesha mahali palipogongwa nafasi, na ninazihesabu nukta kati ya mama hao wawili. Nukta, nukta, nukta, zote za kidole changu.

Chifu alituita mara ya mwisho. Tulikuwa ofisini kwake Nyamache, saa nne asubuhi, mama, mdogo wangu, kaka mkubwa, mimi, na karani wake mpya aliyehamishwa hapa kutoka pwani. Kwa ajili ya karani mazungumzo yalikuwa ya Kiswahili. Kaka alisema hatatia sahihi chochote mpaka mama amwombe msamaha kwa kumwita mwizi, kwa kuwa yeye alipeleka flashi na kurudi na boksi, hakugusa kitu. Alikuwa mtu mzima mwenye mvi na aliomba kuaminiwa.

Mama alisimama. Kiswahili chake ni cha sokoni, cha kuuzia ndizi. Alisema, “Chifu, hii mtoto yangu alisomea hiyo kazi. Watu wote wa Ogembo wanaleta kwake. Haiwezi kosea. Muulize kama si huyu kaka yake alibadilisha.”

Akanionyesha kwa mkono wazi, kwa fahari, na watu wote wakanigeukia.

Ningeweza kusema ndiyo. Macho ya chifu safari hii yalikuwa kwangu, na nilijua angeniamini. Mama angepata nyumba yake na kaka angebaki mwizi maisha yake yote. Nilifungua mdomo nikiwa sijui kitakachotoka.

“Ni mimi, Mama,” nilisema. “Si yeye. Niliyapanga vibaya, nikajua siku ile ile ya mazishi.”

Nikaeleza. Nilieleza kitufe kirefu, na aina za herufi, na mstari uliojaa, na jedwali ambalo sikulichora. Nilieleza zaidi ya ilivyohitajika, kwa sababu nilipokuwa naeleza sikulazimika kumtazama. Nilipokwisha, kaka mkubwa alikuwa ameinamisha kichwa kwenye viganja vyake. Akafuta uso, akamwambia chifu aandike nyumba mbili. Alisema hakuwahi kutaka chai ya yule mama, alitaka tu aache kumtukana. Vijana watang'oa miche yao kesho.

Chifu alishusha pumzi. Alisema basi barua iandikwe sasa hivi, wote wakiwa hapa, kabla ya mtu kubadilisha nia. Akatazama karani, akatazama kompyuta, akasema karani bado ni mzito kwenye kibodi na mimi ndiye fundi. Alinisogezea kiti. Nilikaa. Nilikuwa nimeshafungua ukurasa mpya na kuanza kuchora jedwali, safu mbili, nilipoona mkono wa mama umetua juu ya kibodi, umeyafunika majina yote kabla hayajaandikwa.

“Aandike mtu mwingine,” alisema.

Hakuwa na hasira. Alimwambia karani, si mimi. Nikainuka, nikampisha, na kwa kuwa karani alikuwa mzito kweli, alichukua rula na kalamu, akapiga mstari katikati ya karatasi, akaanza kumuuliza mama majina ya watoto wake.